Lango la Torkild na Mbwa Aliyebadilishwa Jina

Mbwa wa Torkild Brandstrup aliitwa Texas kwa miaka tisa, na hakuwahi kulalamika. Kisha ukaja ule msimu wa baridi ambapo kila ukiwasha redio unasikia Washington inaitaka Greenland, kwa heri au kwa shari. Asubuhi moja Torkild alisimama jikoni, akazima redio, akamtangazia mkewe kwamba kuanzia siku hiyo mbwa anaitwa Fyn, kama kile kisiwa cha hapa kwetu Denmark. Mbwa alikuwa amelala chini ya meza. Hakuinua hata sikio.

Mimi naitwa Rigmor. Nyumba yangu inatazamana na yao hapa mtaa wa Lærkevej, mjini Nørre Sandbæk, na chumba changu cha mbele ndicho saluni. Nimemkata Torkild nywele tangu enzi alipokuwa nazo, kwa hiyo siyo kwamba nampaka matope. Ni mtu mwema, mchapa kazi, na mbishi wa kiwango ambacho hakijapimwa bado.

Alipokuwa kijana, fundi seremala asiye na hili wala lile, alikwenda Greenland kujenga nyumba karibu na kambi ya wanajeshi wa Kimarekani. Huko alikunywa kola ya kwanza maishani mwake, akaona sinema za wapanda farasi, na rubani mmoja akamuuzia jaketi la ngozi. Alirudi huku kwetu Jutland akitembea kana kwamba farasi wake kamwacha nje. Ingelise, aliyekuwa akiuza mikate hapa mjini, alilipenda lile jaketi kwanza, mwenye jaketi baadaye. Walioana mwezi wa Agosti. Torkild akawa mtunza majengo wa shule yetu mpaka akastaafu, na mbwa wake wote akawapa majina ya majimbo ya Marekani: Dakota, Montana, halafu huyu Texas.

Ndiyo maana nasema hasira yake haikuwa ya mtu anayechukia Marekani. Ilikuwa hasira ya mtu aliyeachwa.

"Nimejenga nyumba kule kwa mikono hii," aliniambia siku moja chini ya mkasi wangu. "Watu wa kule nawajua kwa majina. Halafu mtu anakaa huko kwake anaongea utadhani anaagiza kochi dukani!"

"Tulia Torkild, nitakukata sikio."

"Kata tu. Bora nikatwe na Mdenmark."

Basi akaanza uhuru wake. Dukani akawa hanunui kitu ambacho kibandiko chake cha bei hakina ile nyota nyeusi ya kuonyesha kwamba kampuni ni ya Ulaya. Zabibu kavu za Kalifornia zikatupwa, sosi ya nyanya ikatupwa, tamthilia ambayo Ingelise alikuwa amebakiza vipindi viwili ikakatwa katikati, na mpaka leo hajui nani alimuua daktari. Simu yake nayo akaibadilisha, akanunua ya kampuni ndogo ya Ulaya. Tochi yake ilikuwa nzuri sana. Kupiga ndiyo ilikuwa kazi.

"Nikimtaka namwita kwa mdomo," Ingelise aliniambia. "Hata hivyo haitiki. Yeye na mbwa wake, hakuna anayeitika."

Kama angeishia jikoni kwake, nisingekuwa na hadithi. Lakini kwetu watu wawili wakikutana wanaunda chama, na Torkild ndiye mwenyekiti wa Chama cha Wenye Nyumba wa Lærkevej. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mwezi wa Machi, alisimama mbele yetu na kutueleza kwamba nyua zetu, mbwa wetu na ugomvi wetu wote kuhusu mapipa ya takataka umehifadhiwa kwenye mitambo ya Wamarekani, kwa sababu kundi letu la mtaa liko kwenye mtandao wao.

"Siku wakiamua kukata waya," akasema, "Lærkevej nzima itakuwa kipofu!"

"Kipofu wa nini?" akauliza Gorm, fundi bomba wa nyumba ya mwisho. "Si tunachunguliana madirishani?"

"Gorm, hili siyo jambo la mzaha. Ni uhuru wa Ulaya."

"Sawa, bwana mkubwa. Nimeuliza tu."

Tulipiga kura ya kuhamia Torvet, mtandao uliotengenezwa na vijana wawili wa Ljubljana, kule Slovenia. Sote tuliunga mkono, kwani kahawa ilikuwa inapoa, na hapa hakuna mtu anayepinga jambo kabla keki haijakatwa. Torkild akajifuta kwenye kundi la Kimarekani hadharani, skrini ikionekana ukutani, na sisi tukampigia makofi na kuahidi kufuata nyayo.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyefuata nyayo. Torvet ilikuwa na uhuru mwingi mno. Ilitaka neno la siri refu lenye alama ambazo sijui hata kuzitamka, na kila ujumbe ulipaswa kwanza kuidhinishwa na mwenyekiti. Kwa hiyo Torkild alikuwa akiandika kuhusu urefu wa ua, anajiidhinisha, halafu anajijibu kwa kidole gumba. Sisi wengine tulibaki kule kule kwa Wamarekani tukiuziana viti vya watoto, kimya kimya, kwa aibu kidogo.

Sasa sikilizeni kilichomkuta.

Agosti ile Torkild na Ingelise walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kwetu ndoa ikifika miaka ishirini na mitano, na tena ikifika hamsini, majirani wanawajengea wenyewe lango la heshima mlangoni: fremu ya mbao iliyofunikwa matawi ya misonobari, imepambwa maua na namba ya dhahabu juu. Alfajiri mtaa mzima unakuja kuwaamsha kwa nyimbo na tarumbeta, na wenyewe wanatoka wakijifanya wameshtuka. Jambo moja tu haliruhusiwi. Lango haliombwi. Huulizi, hudokezi, huchungulii. Ukilisubiri, unalisubiri umeuma meno, na lisipokuja unakunywa kahawa yako unasema siku ni nzuri.

Ingelise alikwisha kunywa kahawa hiyo mara moja. Walipotimiza miaka ishirini na mitano, tulikuwa tumeshakata matawi, ndipo Torkild akapita nyumba hadi nyumba kutuambia tuache, hawataki makelele, yeye na mkewe ni watu wa kawaida. Hakumwuliza mkewe. Asubuhi yake nilimwona Ingelise akifungua mlango, kavaa gauni jipya la bluu, kichwani nywele nilizomtengeneza mimi mwenyewe. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akachukua gazeti, akafunga. Hajawahi kulitaja jambo lile mbele ya mumewe, na mimi sijawahi kulisahau.

Kwa hiyo safari hii tuliapa lango litajengwa hata Torkild alale barabarani. Shida ilikuwa ni namna ya kupanga. Hapa habishi mtu hodi mlango wa mwenzake bila miadi, na mkutano wa watu zaidi ya watatu mwenyekiti ataunusa. Torvet ndiyo kabisa, maana kila neno lazima alipitishe yeye. Tulikaa tukafikiri, mwisho tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mahali pekee duniani ambapo Torkild Brandstrup hakuweza kutuona palikuwa Marekani.

Mtaa mzima ukahamia huko kwa nguvu mpya. Nani analeta mbao, nani anafunga matawi gereji kwa Gorm, nani anatengeneza mawaridi ya karatasi. Hata mzee wa nyumba ya kona, ambaye hajawahi kuandika kitu, aliandika: "Nina ngazi."

Na Torvet ikawa kimya kama maji mtungini. Torkild akaifungua asubuhi, hakuna. Mchana, hakuna. Alianza kuandika mambo ya ajabu. Mara anauliza kama kuna mtu ana habari yoyote kuhusu Agosti. Mara anatangaza kwamba mwaka huu misonobari ya manispaa imestawi vizuri. Hatukujibu hata mmoja. Kwanza ni mwiko, pili wengi wetu tulikuwa tumesahau neno la siri.

Nikamwona anadhoofu. Alikuwa anapita na mbwa mara nne kwa siku, anatazama kila gereji. Jumamosi moja tukakutana naye mimi na Gorm, na nyuma ya gari la Gorm kuna tela limejaa matawi ya misonobari, turubai limeteleza, yanaonekana yote.

"Mnapeleka wapi hayo?" akauliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

Gorm akaganda. Ni fundi mzuri wa bomba, ila uongo hajui.

"Makaburini," nikasema mimi. "Ya kufunikia makaburi."

Sisi hufunika makaburi ya wapendwa wetu kwa matawi hayo, ndiyo, lakini Novemba, baridi inapokuja. Jua la Agosti lilikuwa linatuchoma shingo. Gorm amevaa kaptura.

"Mapema hivyo?" akasema Torkild.

"Safari hii tumeamua kuwahi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ni vizuri kuwakumbuka watu," akasema. "Njoo, Fyn." Mbwa hakuja. Ikabidi amvute.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie kila kitu. Gorm akanishika mkono. "Rigmor, we! Ukimwambia umeharibu. Hili ni la Ingelise."

Jumatatu yake, simu yangu ikalia ndani ya saluni, na zikalia za mtaa mzima kwa wakati mmoja. Kuna mtu ameomba kujiunga na kundi letu la Kimarekani. Jina lake Fyn Hansen. Picha yake, mbwa mkubwa wa kahawia amelala chini ya meza ya jikoni, na pembeni mwa picha inaonekana soksi ya Torkild.

Gorm ndiye msimamizi wa kundi. Alinipigia anacheka mpaka anakohoa.

"Umeona? Umemwona mzalendo wetu? Bahari yote ile kaivuka kwa jina la mbwa!"

"Nimeona."

"Nimkubalie?"

"Ukimkubalia ataona kila kitu, mpaka ngazi ya yule mzee."

"Nimkatalie?"

Kabla sijamjibu nilifungua lile ombi nikasoma. Mtandao huwa unauliza: kwa nini unataka kujiunga na kundi hili? Torkild, ambaye angeweza kuandika uongo wowote, alikuwa ameandika: "Mke wangu anaupenda sana mtaa huu."

Kicheko kiliniisha. Mtu huyu hakuwahi kuomba kitu kwa jirani, hata chumvi, hata msaada siku paa lake lilipopeperuka. Sasa amesimama mlangoni kwa watu aliowaapia hatarudi, kajifunika ngozi ya mbwa, anabisha hodi. Nilimwambia Gorm aliache ombi lilivyo.

Keshokutwa yake Ingelise alikuja kutengenezwa nywele. Nilimkalisha, nikaanza kumviringisha, na sote tukajifanya hamnazo.

"Rigmor," akasema, anatazama kioo. "Sikuulizi kitu, na sitaki unijibu kitu."

"Vizuri, kwa sababu sijui kitu."

"Nasema tu, mume wangu anakesha na ile kompyuta yangu ya zamani. Anaificha chini ya mto. Nilidhani kapata mwanamke."

"Umri ule?"

"Ndicho nilichojiambia. Nikaichungulia." Akanyoosha kitambaa cha mabegani. "Nimekuta anasubiri kuruhusiwa na watu fulani. Kila baada ya muda anaangalia kama wamemruhusu. Jana alilia, Rigmor. Alisema ni mafua."

Mikono yangu ikasimama.

"Huenda hao watu wakamruhusu leo," nikasema. "Mtu anateseka."

Ingelise akainua macho, tukatazamana kiooni. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Wasimruhusu," akasema. "Mimi nimesubiri miaka ishirini na mitano. Yeye anaweza kusubiri mpaka Ijumaa." Kisha akaongeza, "Hapo nyuma puliza dawa kidogo, nywele zikae. Siku hizi asubuhi kuna upepo mlangoni kwetu. Siyo kwamba natarajia kutoka nje."

"La, utoke kufanya nini?"

"Kuchukua gazeti tu."

Alhamisi jioni, kukiwa bado kweupe, tulivuka barabara sote na mbao zetu. Mapazia ya kina Brandstrup yalikuwa yamefungwa, kama inavyotakiwa. Mzee wa kona alileta ngazi yake kwa heshima zote. Gorm alipopiga msumari wa kwanza, ndani tukasikia kitu kimeanguka, nadhani kiti, halafu sauti ya Torkild ikipasuka: "Ingelise! Inge! Wanagonga! Unasikia? Wanagonga!"

"Sisikii kitu," akajibu Ingelise, kwa nguvu ili tumsikie. "Kaa chini. Wewe umezeeka masikio."

Ijumaa alfajiri tulijipanga mtaa mzima, mpiga tarumbeta mbele, na vikapu vya mikate. Lango lilikuwa zuri, kijani kibichi, limejaa mawaridi, na ile hamsini ya dhahabu juu imekaa upande kidogo kwa sababu Gorm alikataa kutumia timazi. Tuliimba wimbo mpya wa kuwasifu. Uliandikwa na akili bandia ya Kimarekani, maana muda ulituishia, na ubeti wa pili ulisema wapenzi hawa walikutana Texas. Tuliuimba hivyo hivyo.

Mlango ukafunguliwa. Ingelise alikuwa kavaa gauni la bluu. Siyo jipya. Ni lile lile, limelegezwa kiunoni, na nilipolitambua nilishindwa kumalizia ubeti. Torkild alikuwa nyuma yake, suti nyeusi, macho mekundu, anajaribu kujifanya ameshtuka na anashindwa.

Gorm hakumpa hata nafasi ya kupumua. Alitoa simu mfukoni, akainyanyua juu watu waione. "Jamani, kabla hatujanywa, chama kina ombi moja la kushughulikia! Fyn Hansen! Yupo hapa Fyn Hansen?"

Vicheko vikalipuka mpaka ndege wakaruka. Torkild akawa mwekundu kuanzia kola ya shati kwenda juu.

"Fyn Hansen ni nani?" akauliza Ingelise, sauti tamu kabisa.

Torkild alitazama viatu vyake. Nilidhani atakanusha. Mwenyekiti wetu ninayemjua angekufa na tai shingoni.

"Ni mimi," akasema. "Nilirudi kule. Nilitaka kuona kama wamekukumbuka. Mara ile ya kwanza nilikunyima, Inge. Nilikuwa mjinga, na sikujua namna ya kusema. Kama safari hii nayo ingepita bure kwa sababu yangu, kwa ajili ya hii Torvet yangu..."

Ingelise alimtazama muda mrefu. Sisi sote tulikuwa tumesahau kucheka.

"Kwa hiyo ulikwenda kuwaomba," akasema. "Wewe."

"Hawakunijibu."

"Najua. Mimi ndiye niliyewakataza."

Ingelise akaingiza mkono wake kwenye mkono wa mumewe, akamrekebishia tai kwa ule mwingine, na akasema kwa kila mtu, "Basi tupite. Nimesimama mlangoni hapa vya kutosha."

Mpiga picha akawasimamisha chini ya lango. Ingelise akataka na mbwa awemo. Mbwa alikuwa amekaa katikati ya barabara, mgongo ametupa sisi.

"Fyn!" akaita Torkild. "Fyn! Njoo hapa!"

Hakuna kitu. Tangu Januari hakuna kitu. Mtu mmoja nyuma akaanza kuchekea mkononi. Torkild akatutazama sisi, akamtazama Ingelise, ambaye hakumsaidia hata kidogo. Akavuta pumzi.

"Texas!" akapaza sauti, mpaka mtaa wa pili wakasikia. "Texas, mwanangu, njoo!"

Yule mbwa mzee aligeuka, na sijawahi kumwona akikimbia namna ile. Alipita katikati ya miguu ya watu, akaangusha sinia la pombe yetu chungu ya asubuhi, akamrukia Torkild kifuani na kumkalisha chini pale pale langoni, suti na yote. Torkild akamkumbatia shingoni, akaficha uso ndani ya manyoya, na mabega yakawa yanatikisika. Ingelise akainama kumfuta.

"Ni mafua," akatuambia.